Renaudot: Tabibu wa mafukara aliyefungiwa mlango na madaktari wenzake

Neno gazeti lilisafiri mbali kabla ya kutufikia. Huko Venice, nchini Italia, gazeta ilikuwa sarafu ya thamani ndogo, na wengi wa wataalamu wa asili ya maneno huamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya karatasi za habari zilizouzwa mjini humo katika karne ya 16. Jina la sarafu likageuka kuwa jina la karatasi, likavuka milima hadi Ufaransa, likavuka bahari hadi Uingereza, na mwishowe likatua kwetu. Hapa likapachikwa irabu ya mwisho, likaingizwa katika ngeli ya LI-YA, likawa letu. Ninapowafundisha wanafunzi wangu juu ya maneno ya mkopo, aghalabu huwatolea mfano huu. Hata hivyo, leo sikusudii kuzungumzia isimu. Nakusudia kuwasimulia wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, maisha ya mtu aliyelifanya neno hilo kuwa jina la gazeti la kwanza kudumu nchini Ufaransa. Ulimwengu unamkumbuka kwa gazeti lake. Mimi nadai kwamba kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ile ya kuwatibu maskini bila malipo, na kwamba namna kazi hiyo ilivyovunjwa ina mafunzo kwetu sisi tunaoishi karibu miaka 400 baadaye.

Mtu huyo ni Théophraste Renaudot. Alizaliwa mwaka 1586 katika mji mdogo wa Loudun, magharibi mwa Ufaransa, katika familia ya Kiprotestanti. Ufaransa ya wakati huo ilikuwa ikitokwa damu kwa vita vya kidini baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, na amani ya kadiri haikupatikana hadi mwaka 1598, Mfalme Henri wa Nne alipotoa Amri ya Nantes. Mtoto huyu, kwa hiyo, alilelewa katika kundi la wachache waliojua maana ya kutengwa. Jina lake la kwanza ni la Kigiriki. Ndilo jina la mwanafalsafa mwanafunzi wa Aristotle, na pia ndilo jina alilobatizwa tabibu mashuhuri Paracelsus, aliyeuchokoza ulimwengu wa tiba wa karne ya 16 kwa kutetea dawa zilizotengenezwa kwa madini. Huenda ikawa ni sadfa tu, lakini maisha ya Renaudot yalifuata nyayo za huyu wa pili: alikuja kuzipenda dawa hizo na kuchukiwa kwa ajili yake.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Montpellier, kusini mwa nchi, na akafuzu shahada yake mwaka 1606 akiwa hajatimiza umri wa miaka 20. Inafaa msomaji alishike jina la Montpellier, kwa sababu baadaye litakuwa kiini cha ugomvi. Shule ya tiba ya Montpellier ilikuwa kongwe na yenye sifa, iliwapokea wanafunzi wa Kiprotestanti, na haikuziogopa dawa mpya. Mshindani wake alikuwa Kitivo cha Tiba cha Paris. Hicho kilijivunia uaminifu wake kwa Hippocrates na Galen, tiba yake kuu ilikuwa kutoa damu na kuharisha, na kilishikilia kwa nguvu haki yake ya kuamua ni nani atakayetibu mjini Paris na ni nani asiyeruhusiwa.

Kijana Renaudot alirudi kwao Loudun kufanya kazi. Huko aliuona ufukara kwa karibu, akaanza kujiuliza maswali ambayo madaktari wengi wa zama zake hawakujiuliza. Kwa nini mtu mwenye nguvu za kufanya kazi hufa njaa katika mji ambao waajiri wanatafuta watu? Kwa nini mgonjwa hufa kwa maradhi yenye dawa? Jibu alilolipata ni kwamba sehemu kubwa ya umaskini hutokana na watu kutojuana. Mwenye haja hajui aliko mwenye uwezo wa kumsaidia, naye mwenye uwezo hajui aliko mwenye haja. Wazo hilo hakudai kwamba ni lake peke yake. Lilikuwa limetajwa na mwandishi Montaigne, ambaye naye alilihusisha na baba yake. Tofauti ni kwamba Montaigne aliliandika, ilhali Renaudot aliamua kulitekeleza.

Bahati ilimjia kwa njia ya watu wawili wa eneo lile lile. Mmoja alikuwa mtawa wa shirika la Wakapuchini, Padri Joseph. Wa pili alikuwa askofu kijana wa Luçon aliyeitwa Richelieu, ambaye baadaye alikuja kuwa Kadinali na waziri mkuu wa Mfalme Louis wa 13. Mwaka 1612 Renaudot aliitwa Paris, akapewa cheo cha tabibu wa mfalme pamoja na kibali cha kuanzisha afisi ya kuwaunganisha watu. Mwaka 1618 akateuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa maskini wa ufalme mzima. Lakini vyeo hivyo vilikaa kwenye karatasi kwa miaka mingi. Havikupata uhai hadi baada ya mwaka 1624, Richelieu aliposhika hatamu za serikali. Renaudot akahamia Paris, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1620 akaingia Ukatoliki. Iwapo alifanya hivyo kwa imani au kwa haja ya kupata mlango wa kupitia, hilo nawaachia wanaoisoma mioyo.

Kufikia mwaka 1630 hivi, afisi yake ilikuwa imefunguliwa katika mtaa wa Calandre, kwenye kisiwa kilicho katikati ya Mto Seine, nyumba iliyojulikana kwa alama ya Jogoo Mkubwa. Aliiita Afisi ya Anwani. Mtu aliyetaka kazi aliandikishwa katika daftari, na aliyetaka mfanyakazi, nyumba, mwalimu, shamba au kitu cha kununua, naye aliandikishwa. Ada yake ilikuwa ndogo, na maskini hawakutozwa kitu. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba palikuwa ni shirika la kutafutia watu ajira, ukurasa wa matangazo na kituo cha ushauri, vyote chini ya paa moja. Kutokana na habari zilizomiminika katika afisi hiyo, tarehe 30 Mei 1631 lilizaliwa La Gazette, gazeti la kila juma lenye kurasa nne. Gazeti hilo liliishi kwa namna moja au nyingine hadi mwaka 1915.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba namsimulia malaika. La Gazette lilikuwa gazeti la serikali. Richelieu ndiye aliyempa Renaudot ukiritimba wa kuchapisha habari, na kwa malipo yake gazeti lilisema yale ambayo Richelieu alipenda yasemwe. Mfalme mwenyewe aliliandikia makala. Hata ile Afisi ya Anwani, pamoja na wema wake, ilikuwa na upande wa pili, kwa sababu daftari linalomtafutia maskini kazi ni daftari lile lile linaloweza kumwonyesha askari aliko maskini huyo. Serikali ilikuwa na hamu ya kuwadhibiti wazururaji, na Renaudot hakuwa mbali na hamu hiyo. Wema wake na utumishi wake kwa wakubwa vilikwenda sambamba, na asiyelikiri jambo hili hawezi kuelewa jinsi alivyoanguka.

Kuanzia mwaka 1633 alifungua milango ya nyumba yake kila Jumatatu kwa mikutano ya hadhara ambapo mtu yeyote aliweza kuja kusikiliza mjadala juu ya maarifa ya kila aina: maumbile, magonjwa, sayari, tabia za watu. Mambo mawili tu yalikatazwa, yaani siasa na dini. Mijadala hiyo iliendeshwa kwa Kifaransa, na hapa ndipo mimi kama mwanaisimu ninapoinua masikio. Wakati huo lugha ya elimu ilikuwa Kilatini. Mitihani ya Kitivo cha Tiba ilikuwa kwa Kilatini, na daktari wa Paris aliweza kujadili maradhi ya mgonjwa mbele yake bila mgonjwa kufahamu hata neno moja. Renaudot aliyaleta maarifa katika lugha ya sokoni. Kisha akaichapisha mijadala hiyo, ikasomwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Mikutano hiyo iliendelea hadi mwaka 1642.

Mwaka 1637 aliongeza jambo jingine: nyumba ya rehani, ambamo maskini aliweza kuweka kitu chake na kupata mkopo bila kunyongwa na walanguzi. Halafu, mwaka 1640, akaanzisha kile ambacho ndicho shina la makala haya, yaani matibabu ya hisani kwa maskini.

Yafaa kwanza tuelewe hali ilivyokuwa. Paris ya siku hizo yakadiriwa kuwa na watu laki nne hivi. Madaktari wa Kitivo walikuwa mia moja na ushei tu, na ada zao hazikuweza kulipwa na mchukuzi wala mfuaji nguo. Hospitali kuu ya mji, Hôtel-Dieu, iliwapokea maskini, lakini ilijaa kiasi kwamba wagonjwa kadhaa walilazwa katika kitanda kimoja, aliye hai ubavuni mwa anayekata roho. Bima ya afya haikuwapo hata katika ndoto. Baina ya daktari ghali na kitanda cha Hôtel-Dieu hapakuwa na njia ya kati. Maskini mwenye homa, jipu au kikohozi alisubiri hadi ugonjwa umwangushe, ndipo apelekwe mahali ambapo wengi hawakurudi.

Renaudot aliifungua njia hiyo ya kati. Aliwakusanya madaktari waliokuwa tayari kutoa muda wao bila ujira, wengi wao wakiwa waliosoma Montpellier na vyuo vingine vya nje ya Paris. Waliketi nyumbani mwake kwa vikundi, na wagonjwa wakaingia mmoja mmoja kueleza maradhi yao. Kesi ngumu zilijadiliwa na madaktari kadhaa kwa pamoja. Wauza dawa nao walikuwapo, na asiyekuwa na kitu alipewa dawa bure. Aliyekuwa na kidogo aliacha alichojaliwa, na hicho kikawasaidia waliomfuata. Mwaka huo huo wa 1640 Renaudot alipata idhini ya mfalme ya kuweka matanuri ya kutengenezea dawa za kikemikali. Umati ulikuja, na siku za matibabu zikalazimika kuongezwa.

Lakini paliwabakia watu wasioweza kuja. Mgonjwa aliye kijijini, mbali na daktari, angefanyaje? Mwaka 1642 Renaudot alitoa kijitabu ambacho kwangu mimi ni miongoni mwa vitabu vya ajabu zaidi katika historia ya tiba. Jina lake kwa Kifaransa ni La Présence des absens, yaani kuwapo kwa wasiokuwapo. Kilikuwa na orodha za dalili, sehemu za mwili, aina za maumivu, rangi za mkojo na mengineyo, pamoja na michoro ya mwili wa binadamu. Mgonjwa, au jirani yake anayejua kusoma, alihitaji tu kuweka alama kwenye neno linalofaa na mahali panapouma kwenye mchoro, kisha akipeleke kijitabu Paris. Madaktari wa Renaudot wangesoma alama hizo na kumletea ushauri. Hakuhitaji kujua Kilatini, wala kujua kutunga sentensi. Leo tunasikia watu wakishangilia matibabu ya masafa kupitia simu kana kwamba wazo lenyewe lilizaliwa jana. Tabibu huyu alilifikiria zama za farasi na wino.

Kitivo cha Tiba cha Paris hakikufurahi. Madai yake yalikuwa ya kisheria: hakuna daktari wa chuo kingine aliyekuwa na haki ya kutibu Paris bila idhini ya Kitivo, isipokuwa tabibu wa mfalme. Renaudot mwenyewe alikuwa na kinga hiyo, lakini wale aliowakusanya wengi wao hawakuwa nayo. Pia palikuwa na suala la dawa. Antimoni, ambayo Kitivo kiliihesabu kuwa sumu na ambayo Mahakama Kuu ya Paris ilikuwa imeipiga marufuku tangu mwaka 1566, ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotetewa na wenye mwelekeo wa kikemikali. Na nyuma ya sheria na dawa palikuwa na jambo ambalo halikuandikwa katika hati yoyote ya mashtaka: matibabu ya bure yalikuwa yanawaonyesha watu kwamba matibabu yawezekana kutolewa bure.

Adui mkubwa wa Renaudot alikuwa Guy Patin, daktari msomi mwenye kalamu kali, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Kitivo. Patin alimdhihaki kwa gazeti lake, kwa asili yake, hata kwa pua yake iliyokuwa bapa. Renaudot alimshtaki kwa kumkashifu, akashindwa. Kisasi kilivuka hata kuwafikia watoto. Wana wawili wa Renaudot, Isaac na Eusèbe, walisomea udaktari katika Kitivo hicho hicho cha Paris. Ili wakubaliwe iliwabidi waahidi mbele ya wakili kwamba hawatajihusisha na afisi ya baba yao. Waliahidi. Hata baada ya ahadi hiyo, Kitivo kiliwanyima kofia ya udaktari kwa miaka kadhaa, ingawa walikuwa wametimiza masharti ya masomo. Nawaomba walimu wenzangu watafakari jambo hili kwa makini. Mwanafunzi kuadhibiwa katika mtihani kwa kosa la mzazi wake ni dhuluma kongwe, na haijafa.

Maadamu Richelieu aliishi, Kitivo kilibweka tu. Kadinali huyo alifariki tarehe 4 Desemba 1642. Mfalme Louis wa 13 akamfuata tarehe 14 Mei 1643. Kiti kikabaki kwa mtoto wa miaka minne, na marafiki wa Richelieu wakawa hawana mtetezi. Mnamo Desemba 1643 mahakama ya Châtelet ilitoa hukumu dhidi ya Renaudot. Alikata rufaa, na tarehe 1 Machi 1644 Mahakama Kuu ya Paris ikaithibitisha hukumu hiyo. Yeye na wenzake wasiokuwa na idhini ya Kitivo wakakatazwa kutibu Paris. Nyumba ya rehani ikafungwa. Akaachiwa gazeti na ile kazi ya anwani. Matibabu ya hisani yaliyodumu kwa takribani miaka minne yakafa siku moja.

Hata hivyo, hukumu hiyo ilikuwa na kifungu kimoja ambacho wengi husahau kukitaja. Mahakama iliyomfungia Renaudot mlango ilikiamuru Kitivo kiandae utaratibu wake wa kuwashauri na kuwatibu maskini bure. Kitivo chenyewe, kwa kushindana na Renaudot, kilikuwa tayari kimeanza kutoa huduma ya namna hiyo. Sasa kikafungwa na amri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kitivo kilikuwa na hoja kiliposema kwamba anayetibu sharti achunguzwe elimu yake, kwa sababu maskini naye ana haki ya kulindwa dhidi ya matapeli. Kosa lake lilikuwa kwamba kilikumbuka kumlinda maskini dhidi ya tabibu wa bure kabla ya kukumbuka kumpatia tabibu mwingine. Iliwabidi waone umati mlangoni mwa mtu mwingine ndipo watambue kwamba umati huo ulikuwapo.

Miaka ya mwisho ya Renaudot haikuwa na fahari. Mwaka 1646 alipewa cheo cha mwanahistoria wa mfalme, akaendelea na gazeti lake. Wanawe walipata kofia zao hatimaye. Eusèbe aliandika kitabu cha kuitetea antimoni, nayo dawa hiyo ikahalalishwa mjini Paris mwaka 1666, wakati Patin angali hai kulishuhudia jambo hilo. Baba yao hakuliona. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1653, bila mali ya kusifiwa, akazikwa katika kanisa la Saint-Germain-l'Auxerrois. Watu wa fasihi wanalijua jina lake kwa ajili ya Tuzo ya Renaudot, iliyoanzishwa mwaka 1926 na waandishi wa habari, na ambayo mwaka 2012 ilinyakuliwa na jirani yetu kutoka Rwanda, Scholastique Mukasonga, kwa riwaya yake Notre-Dame du Nil. Yaani jina la mtu aliyetaka wasiosikika wasikike limekuja kumtukuza mwandishi wa Afrika ya maziwa makuu. Sijui heshima inayomfaa zaidi.

Sasa nirudi kwa yale mafunzo niliyoyataja mwanzoni. La kwanza ni hili: huduma inayosimama juu ya mtu mmoja huanguka mtu huyo anapoanguka. Renaudot alikuwa na nia, akili na watu wa kujitolea. Alichokosa ni sheria iliyoisimamisha huduma yake kwa miguu yake yenyewe. Kibali chake kilitoka katika mkono wa Richelieu, na mkono huo ulipopoa, kibali kilipoa nao. Kwetu Kenya tumezizoea kambi za matibabu ya bure. Madaktari na wauguzi wenye moyo hujitolea mwishoni mwa juma, hema zikapigwa katika uwanja wa shule, na wazee wakapanga foleni tangu alfajiri. Wanapimwa shinikizo la damu na sukari, wanapewa dawa za wiki mbili, na wanarudi nyumbani wakishukuru. Nami nawashukuru wanaojitolea. Lakini ugonjwa wa sukari haumalizwi kwa dawa za wiki mbili. Hema ikishang'olewa, na aliyeileta akiwa ni mwanasiasa aliyekwisha kupata kura au mfadhili aliyekwisha kupata picha, mgonjwa ataelekea wapi?

Tangu mwaka 1989, serikali ilipoanzisha utaratibu wa mgonjwa kuchangia gharama katika hospitali za umma, swali hilo limekuwa likitufuata. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mfuko wa zamani wa bima ya hospitali uliondolewa na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mnamo Oktoba 2024. Majina yanabadilika, lakini bado wako wasiomudu mchango, na wako waliolipa mchango ambao hautoshi kwa maradhi waliyo nayo. Hao ndio watu wa mtaa wa Calandre. Kambi ya hisani inawafaa kama vile mwavuli unavyomfaa aliyenyeshewa njiani, lakini mwavuli si nyumba.

La pili ni la lugha, na hapa naomba radhi kwa kuivuta ngozi kuelekea kwangu. Renaudot alifahamu kwamba matibabu ya bure katika lugha isiyoeleweka si ya bure, kwani mgonjwa huyalipia kwa kutojua. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na ni lugha rasmi, lakini ni mara ngapi mgonjwa wetu hutia sahihi fomu ya upasuaji iliyoandikwa kwa Kiingereza asichokisoma? Ni mara ngapi huelezwa maradhi yake kwa istilahi ambazo hata mwanawe aliye sekondari hawezi kumfasiria? Tunao wanaisimu, tunao madaktari, na tunazo lugha zetu. Lililotushinda ni kuwaketisha wenye ujuzi huo meza moja, kama alivyofanya yule Mfaransa, na kuwapa kazi ya kuandika karatasi moja ya dalili ambayo mama wa kijijini ataiwekea alama mahali panapouma.

La tatu nawaachia wanafunzi wanaosomea udaktari, uuguzi na ufamasia, ambao huenda wakasoma safu hii wakiwa chuoni. Jamii huwapa wenye taaluma haki ya kuulinda mlango wa taaluma yao, na ni haki inayostahili kuwapo. Lakini mlinda mlango ana deni kwa wale anaowazuia nje. Kitivo cha Paris kilishinda kesi, na majina ya wengi wa madaktari wake walioshangilia siku ile yamesahaulika hata na Wafaransa wenyewe. Siku mtakapopewa kofia zenu, mtahesabu waliomo ndani mkaona kazi imetimia. Tokeni pia mkawahesabu walio nje, maana hao ndio wengi, na wengi wao wamekuwa wakingoja tangu alfajiri.